Vinyago vya Kirumi Chumbani mwa Kafedha

Ferrara, Italia
14 Januari 2024

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi mwanenu Kafedha ni mzima wa mwili. Ya moyoni mtayaona mkisoma. Hii ni barua yangu ya kwanza tangu niondoke, na nimeichelewesha kwa haya, si kwa kusahau.

Simu nimepiga mpaka nimechoka. Mama akijua ni mimi anampa jirani, naye jirani ananiambia, "Mama Kafedha anasali." Jamani, mtu husali kutwa? Na wewe baba, masikio yako yalifungwa na homa tangu utotoni. Simu kwako ni taa ya kumulikia njia ya choo. Kwa hivyo naandika. Msomee mama. Akikataa kusikiliza, soma ukijifanya unajisomea mwenyewe. Wewe hujui tu, lakini sauti yako hufika mpaka kwa muuza makaa.

Kosa langu nalijua. Mahari ya Bonface ilishapokewa, kanisa lilishatangaza mara zote, nami nikapanda ndege wiki ya harusi. Mama ni mwenyekiti wa akina mama pale kanisani. Nilimvua nguo mbele ya wenzake.

Kazi yangu huku ni kumtunza Bi Ornella, mjane aliyepita themanini, magoti yamemkataa. Mumewe marehemu alikuwa daktari na alipenda vitu vya kale. Chumba ninacholala kilikuwa chake cha kusomea, na juu ya kitanda changu kuna rafu ya vinyago vya shaba, vidogo, hakuna kinachozidi kidole gumba. Ni vya Warumi, hao hao wa kwenye Biblia. Serikali imeviandikisha, haviuzwi wala haviondoki mjini. Vingine vilikuwa vishikio vya taa, vingine viliwekwa kwenye kijumba ndani ya nyumba, vikipewa mafuta na divai. Bi Ornella aliponieleza hayo nilimkumbuka hawe, mamako baba, akiwamwagia tembo la mnazi wazee waliokufa, pale kwenye koma zao, vile vigingi vya mti vya kuwakumbuka. Nikamwambia hivi kwetu twavijua.

Kuna kijana mwenye miguu ya mbuzi anayepuliza zumari. Nimemchora nyuma ya karatasi hii. Fundi wake alikuwa hodari kama wewe, baba. Hata kwato amezipasua katikati, na vinyweleo vya mapajani vinaonekana. Amekuwa kijani kwa ukale.

Mama, nisamehe. Kama huwezi, nipelekee hata neno moja la kunigombeza. Baba atalisoma mdomoni mwako na kuliandika.

Mwanenu,
Kafedha


Bombolulu, Mombasa
3 Machi 2024

Binti yangu Mwikali,

Anwani yako ya Bologna nimepewa na mamako hapo Changamwe. Wewe ndiwe uliyemtafutia Kafedha kazi huko, na ndiwe rafiki yake; kwa hivyo nakuandikia wewe.

Mke wangu Josephine ametutoka mwezi uliopita. Presha ilimpanda akiwa anakuna nazi, ikamkata upande mmoja. Alilala hospitali siku chache, hakurudi. Tumemzika kwetu Kaloleni, na akina mama wa kanisa walikuja wote na sare zao.

Kafedha hajui. Watu hapa walitaka apigiwe simu, nikakataa. Kwetu sisi msiba hautumwi kwa simu, wala kwa karatasi. Mfiwa huendewa. Mtu hukaa naye ubavuni, akampa maji, akamshika, ndipo akafungua kinywa. Baba yangu alipokufa, mjomba alitoka Kaloleni mpaka karakanani kwetu, akakaa na mimi sakafuni kwanza, na nikajua kabla hajanionyesha kwa mikono. Sikuanguka kwa sababu alikuwa amenishika.

Mwanangu yuko na bibi kizee wa kigeni ambaye hata kusimama hawezi. Akianguka, nani wa kumwinua? Huko hakuna mtu wetu ila wewe. Nenda ukamwambie, tafadhali. Mimi nitamwandikia kitu cha kumshikilia mpaka ufike.

Ni mimi,
Changawa, fundi wa shaba


Bombolulu
3 Machi 2024

Kafedha mayo, wewe ninayekuita mama kwa kuwa umebeba jina la mamangu,

Marahaba. Barua imefika. Nimeisoma kwa sauti na muuza makaa anakusalimu.

Mama yako alijifanya hana habari, anachambua mchele. Nilipofika kwa kijana wa miguu ya mbuzi mkono ukasimama. Akaniashiria nirudie. Nikarudia. Akacheka mpaka akashika mbavu! Anasema huyo ndiye angekuwa mkwe wake, kuliko Bonface mwenye miguu ya mtu na akili ya mbuzi.

Anasema amekusamehe. Simu hatashika, kwa kuwa aliapa, na kiapo si leso ya kubadilisha asubuhi na jioni. Wewe andika, mimi nitasoma, yeye atajibu.

Huyo kijana nimemfinyanga kwa nta hapa karakanani, tayari kwa kumiminiwa shaba. Wenzangu wanamgombania. Ila shaba yetu ni ya mabomba mabovu ya maji. Mpaka igeuke kijani sisi tutakuwa tumeshageuka udongo.

Mama yako anauliza, kuna wengine kwenye hiyo rafu?

Baba yako,
Changawa


Ferrara
2 Aprili 2024

Baba, na Mama yangu mpenzi,

Nimelia mpaka Bi Ornella akaniita kwa kengele akidhani nimeungua. Mama kucheka! Na kumcheka Bonface! Nimeisoma barua mara nyingi hata mikunjo imeanza kuchanika.

Wengine wapo, mama. Yupo farasi ambaye mbele ni farasi kamili na nyuma ni samaki, mkia umejipinda, magamba yake ni vijistari kama vya kucha. Yupo pia mwanamke mwenye mwili wa ndege. Uso wake mzuri, nywele amezisuka, lakini miguuni ana kucha za mwewe. Bi Ornella anasema huyo huimba, na anayemsikia hupotea. Watu wa zamani waliwaweka hao makaburini wawaimbie wafu wao.

Nikisafisha rafu huwa nazungumza na nyinyi. Namwambia mama, huyu ungemfanya nini? Zamani nilikuwa nikiongea naye moyoni nagombana tu. Siku hizi namsikia akicheka.

Mama, nimekununulia viatu vya ngozi vya kanisani, namba thelathini na nane. Niambie kama mguu umevimba nibadilishe mapema.

Wenu,
Kafedha


Bologna
9 Mei 2024

Shikamoo mzee Changawa,

Pole sana, pole tena. Mama Kafedha amenilisha mbaazi zake tangu niko shule. Nimelilia kwa stoo ya mashuka hapa hoteli, mahali supervaiza hawezi kuniona.

Mzee, nilienda. Nilipata ofu Jumapili nikachukua treni, maneno nimeyapanga vizuri, hata maji nilibeba kama ulivyosema. Kumbe Kafedha alikuwa amenisubiri stesheni na barua yako mkononi. Hata sijakaa, akaanza kunisomea ile ya miguu ya mbuzi. Alikuwa anacheka hadi watu wanageuka. Halafu akanishika mkono akaniambia, "Mwikali, mamangu amenirudia."

Sasa mimi ningesema nini? Nilikunywa kahawa, nikasema nimekuja tu kumsalimia, nikarudi na maneno yangu.

Sikukosei heshima, mzee, lakini umemfungia ndani na ufunguo unao wewe. Usimwandikie tena hivyo. Mimi nitarudi, lakini si leo wala kesho. Kuanzia Juni hoteli inajaa na ofu zote zinakatwa.

Ni mimi,
Mwikali


Bombolulu
12 Juni 2024

Kafedha mayo,

Mama yako anasema mwanamke mwenye mwili wa ndege anamjua. Anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yao, mstari wa mbele, kelele nyingi na kucha kali. Jina hataji, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti.

Kuhusu farasi, anauliza: huyo akichinjwa, anapikwa mchuzi kama nyama ama anapakwa nazi kama samaki? Na Ijumaa Kuu, akina Winfred Mkatoliki wa nyumba ya pili watamla ama watamwacha? Tumebishana jambo hilo mpaka chai ikapoa.

Namba ya viatu ni sawa. Mguu haujavimba. Anasema usimnunulie vingine.

Nimemaliza kumfinyanga huyo mwanamke ndege. Usoni amenishinda, nimevunja nta mara kadhaa. Nyumba iko kimya siku hizi. Usinicheke, hata kiziwi hujua nyumba ikinyamaza.

Kula vizuri.

Baba yako,
Changawa


Ferrara
7 Julai 2024

Baba, Mama,

Nimekata tikiti. Desemba niko nyumbani, Krismasi tunakula pamoja. Mtoto wa Bi Ornella amekubali kukaa naye mpaka nirudi.

Mama, sikuwa na ujasiri huu. Nilishajiambia nitazeekea huku nikiosha wazee wa watu. Ni wewe umenipa. Tukishakula sikukuu, unisindikize kwa kina Bonface nikaombe radhi mbele yao, wewe ukiwa kando yangu. Peke yangu sitaweza, ukiwepo nitaweza.

Na baba, siku hiyo usije uwanja wa ndege na aproni ya karakanani.

Mwanenu,
Kafedha


Bombolulu
25 Julai 2024

Mwikali mwanangu,

Amekata tikiti. Usipokwenda sasa, atashuka ndege na viatu mkononi, atafute miguu ya kuvivaa.

Ulisema kweli, mimi ndiye niliyemfungia. Nilidhani barua moja itamshikilia wiki mbili. Alipojibu kwa furaha ile nikashindwa kuacha. Nenda kwa vyovyote. Lawama zote nitupie mimi, hata zile zako.

Changawa


Ferrara
19 Agosti 2024

Baba,

Mwikali alikuja Jumamosi. Aliomba ruhusa akanyimwa, akaja hivyo hivyo. Alikaa na mimi kitandani, akanipa maji, nikamuuliza nani, akaniambia.

Nilianguka, na alinishika, kama ulivyomwagiza. Hapo ulikuwa sahihi, na ni hapo tu.

Tangu Februari, baba! Nilimnunulia viatu maiti. Nilimwandikia marehemu vichekesho vya farasi na samaki, nawe ukakaa hapo na kalamu ukamfanya anijibu. Ulimchekeshaje mtu uliyemzika?

Nilikuwa na haki ya kulia siku watu wote walipolia. Nilikuwa na haki ya kufunga leso kiunoni na kukaa kwenye mkeka huku huku Ferrara, hata kama ni mimi na Bi Ornella na kengele yake. Umenipa msiba uliopoa. Kila mtu ameshamaliza, naanza peke yangu.

Na kuna jambo moja linanitesa kuliko yote, nijibu hilo tu. Maneno yake yapi ni yake, na yapi ni yako? Aliposema amenisamehe, alisema? Usinipambie. Nataka neno lake, hata likiwa moja, hata likiwa baya.

Kafedha


Bombolulu
10 Septemba 2024

Kafedha,

Sitajitetea. Nitajibu ulilouliza.

Barua yako ya Januari ilifika mama yako akiwa tayari amelazwa. Nilimsomea pale wodini, yote, na watu wote wakasikia habari zetu. Hakucheka. Ya Bonface na akili ya mbuzi ni yangu. Ya mwimbaji wa kwaya ni yangu, ya kupakwa nazi ni yangu. Hiyo leso ya kubadilisha asubuhi na jioni pia ni yangu. Nilikuwa nikiandika naona kama yuko hapo anachambua mchele, na nilipomaliza alikuwa hayupo. Ndiyo sababu nilikuwa nikiandika tena.

Sasa sikiliza yake. Alizungumza, mayo. Alizungumza sana siku ile. Lakini upande mmoja wa mdomo ulikuwa umepinda, umekufa kabisa, na mimi miaka yote humsikia kwa kumtazama midomo. Maneno yalikuwa yanatoka yamevunjika. Nilimshika kidevu nijaribu kuusawazisha mdomo kwa kidole, akaniacha nifanye hivyo. Sikuyapata. Muuguzi alikuwa kitanda cha mwisho. Niliita, na alipofika mama yako alikuwa amenyamaza.

Niliyoyapata ni haya. Alichukua barua kwa mkono mzima, akaigeuza, akaigonga picha yako ya yule kijana wa mbuzi. Akasema, "Avitoe chumbani anakolala." Alirudia mpaka akahakikisha nimeshika. Akataja Warumi, akataja Bwana. Nadhani alisema Warumi ndio waliomsulubisha Bwana, vipi ulale na vitu vyao? Hapo nimesema nadhani. Halafu akafumba macho, na midomo ikaendelea kwa muda. Alikuwa anasali, hilo nalijua, sala zake nazijua hata zikipinda.

Kama alikusamehe, sijui. Huenda alisema, ikawa miongoni mwa yale yaliyonipita. Huenda hakusema. Mke wangu alizungumza maneno yake ya mwisho na mimi niko mbele yake, nikayakosa kama mtu aliyeko Ferrara. Nilijaza pale palipokuwa na tundu, kama tunavyojaza nta kwenye kinyago kilichopasuka. Nimekosa.

Vile nilivyovifinyanga sikuvipeleka kaburini. Nilifikiria, kisha nikajua angekasirika. Viko karakanani.

Ukija au usije, hapa ni kwenu.

Baba yako,
Changawa


Ferrara
6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kabla ya kujibu.

Nina hasira bado. Naiandika ili usidhani imekwisha. Lakini nimepata jambo ambalo sikulitaka, na wewe tu ndiwe wa kuambiwa.

Nilipaswa kujua. Mama yangu hakuwahi kumcheka mtu wa kanisani maishani mwake. Mama yangu akiona hata shanga za mganga barabarani huvuka upande wa pili. Aulize farasi wa mashetani apikwe vipi? Nilisoma maneno yale nikajua ndani kabisa si yake, nikajinyamazisha, kwa sababu yule mama wa barua nilimpenda. Tangu Machi hadi Agosti nilimpenda mama kuliko nilivyompenda wakati wowote, baba, na hakuwa yeye. Yeye halisi nilimkimbia. Hilo ndilo ninalolilia sasa, na Mwikali hawezi kunishika hapo.

Na aliyekuwa akinichekesha ni wewe. Miaka yote tulikuwa tunakula meza moja, nawe hukunena zaidi ya "chumvi iko wapi." Sikujua una maneno hayo. Hukuniambia.

Nimesoma neno la mama mara nyingi. Nililiomba, hata la kunigombeza, na hilo ndilo. Alikuwa anakufa, nusu ya mwili imeshakwenda, na alichohangaikia ni ninacholala nacho. Najiambia hiyo ni huruma. Pengine ilikuwa ni ghadhabu. Kwa mama vitu hivyo viwili havikuwa mbalimbali.

Jana nilimwambia Bi Ornella vinyago vinanizuia kulala. Alidhani nasema vumbi. Nilivishusha kimoja kimoja, kijana wa mbuzi, farasi, mwanamke ndege, wote, nikawafunga kwa taulo na kuwapanga kwenye kabati la vyombo, ukumbini. Rafu nimeipangusa, haina kitu. Sikuweka Biblia wala picha, nimeiacha hivyo hivyo. Usiku nililala vibaya, nikawa naangalia ukuta.

Desemba nakuja, tikiti sikuirudisha. Kwa kina Bonface nitakwenda na wewe.

Vimetoka chumbani, baba. Ni mara ya kwanza kumtii mama tangu nimekuwa mtu mzima, na hayupo wa kuambiwa.

Mwanao,
Kafedha